Kilicho kibindoni ndicho utakachofika nacho ufukweni

Ngalawa ikipinduka nje ya Msimbati kusi likivuma, begi ndilo la kwanza kuondoka. Filimbi, tochi, kiberiti kilichofungwa kwa uangalifu mkubwa, vyote vinakwenda nalo. Ndivyo ilivyo hata kwa mrina asali wa Liwale anayetupa mzigo ili amkimbie tembo. Wazee wana msemo: hamadi kibindoni, silaha mkononi. Uchukuliwe kama ulivyo. Vifaa vya kujiokoa vikae mwilini, ili hata ukibaki na nguo uliyovaa tu bado uwe navyo.

Kifuko kizuri kuliko vyote kwa gharama ni cha tyubu ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote, awe Masasi au Lindi mjini, ana rundo la tyubu zilizojaa viraka na hazirudi tena kazini. Kata kipande cha sentimita 20 mahali pasipo na kiraka wala pua ya upepo. Osha ndani kwa sabuni uutoe ule unga mweupe, la sivyo gundi haitashika, kisha anika kivulini mpaka kikauke kabisa. Upande mmoja, piga msasa nyuso zote mbili za ndani, sentimita 3 kwenda chini. Paka solusheni kila uso, halafu subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabandika solusheni ikiwa bado mbichi, inaonekana imeshika, kesho yake inaachia. Gusa kwa mgongo wa kidole. Ikiwa hainati tena, ndipo ubandike na kugongagonga kwa nyundo juu ya ubao.

Mdomo hauhitaji zipu. Ukunje mara mbili, sentimita 4 kila kunjo, ulale ubavuni mwa kifuko, kisha uvishe pete mbili za upana wa sentimita 1 ulizokata kwenye tyubu hiyo hiyo. Ndani inabaki nafasi ya kama sentimita 9, inayotosha. Kabla ya kukiamini, weka karatasi kavu ndani, kizamishe kwenye ndoo ya maji chini ya jiwe kwa nusu saa, ufungue. Karatasi ikiwa na unyevu kwenye kona, tatizo ni gundi. Ikiwa na unyevu juu, umekunja ovyo.

Kushona nako kunafaa, lakini kila tundu la sindano ni mlango wa maji, kwa hiyo utarudi kwenye solusheni tu.

Ndani ya kifuko weka vichache. Njiti 10 za kiberiti zilizochovywa vichwa kwenye nta ya mshumaa, na kipande cha ubavu wa kiberiti kilichofungwa peke yake, maana vichwa vikisuguana nacho kiunoni unaweza kuungua. Sindano mbili zichomekwe ndani ya kipande cha mshumaa: nta inazuia kutu ya chumvi, na mshumaa wenyewe ni wa kuwashia moto. Mshipi wa mita 10 uviringe kwenye kipande cha ndala kuukuu, na ndoana mbili zichome humo humo. Ndala inaelea, ukiidondosha majini utaiona. Nusu ya wembe ifunge kwa karatasi iliyopakwa mafuta.

Kwa kuwashia moto, chukua pamba iliyokandwa na mafuta ya mgando na uisokomeze ndani ya mrija wa plastiki wa sentimita 5. Futa mafuta kwenye midomo ya mrija, bana kila mdomo kwa koleo huku milimita 3 zikichungulia, uyeyushe kwa moto. Mafuta yakibaki pale, plastiki haishikani na pamba itapata maji. Siku ya mvua, ukikosa kabisa, kata kamba nyembamba ya tyubu: inawaka hata ikiwa imelowa. Moshi wake ni mweusi na mbaya, hivyo ni wa kuwashia tu, si wa kuchomea samaki.

Raba ina kasoro moja kubwa, haipumui. Unyevu ulioufungia ndani hautoki, na pwani ya Mtwara hewa yenyewe ina maji. Kifungue kila wiki, vianike vilivyomo, na njiti iliyolainika kichwa itupe.

Sasa pa kukivalia. Nyuma, juu ya uti wa mgongo, hapana; ukianguka chali kitakuumiza. Mbele kabisa kinachoma tumbo ukiinama. Mahali pake ni kati ya kitovu na nyonga, ambapo mkono wowote unafika, maana huwezi kuchagua mkono utakaoumia. Kwa suruali, fundi cherehani akushonee mfuko wa ndani kwa kitambaa cha mwavuli mbovu na uzi wa nailoni. Pamba inaoza kwa jasho na chumvi. Ukitaka zipu, iwe ya plastiki, na uisugue mshumaa.

Kina mama wanaoshuka mwambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, kutafuta pweza wanafutika vitu kwenye kibindo cha kanga, na kwenye nchi kavu hakuna ubaya. Kanga ikilowa inakuwa nzito, inavuta, kibindo kinafunguka bila mtu kujua. Dawa yake ni kamba ya manila nyembamba ya mita 3, izungushwe kiunoni mara tatu chini ya kanga, kifuko kikining'inia hapo. Fundo liwe mara mbili, kwa sababu manila inateleza. Na mita 3 hizo ni kamba ya kweli siku utakapoihitaji.

Shingoni iwe filimbi tu, ya plastiki, isiyo na gololi ndani, kwa kuwa gololi ikipata maji au mchanga inakwama. Kitanzi chake ukikate na kukiunga kwa uzi wa kushonea nguo, mizunguko miwili. Kivute kwa nguvu kwa mkono mmoja: kisipokatika, kitakunyonga siku kitakapokamatwa na kamba ya tanga au tawi la mkorosho. Piga mara tatu, pumzika, rudia.

Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kiingie ndani ya kondomu iliyofutwa mafuta, ifungwe fundo. Utabonyeza 112 na kuongea bila kuifungua.

Laita inawaponza wengi. Ikibanwa mfukoni inavuja gesi kimya kimya, na siku ya shida ni tupu. Zungusha kamba ya tyubu chini ya kitufe kisiweze kushuka. Ikilowa, pulizia gurudumu na ulisugue kwenye kitambaa kikavu kabla ya kujaribu.

Vidonge vya kutibu maji visome kwanza. Vingine kimoja ni cha lita 20, si cha chupa yako, na kukikata vipande ni kubahatisha. Tafuta vya lita 1. Viache ndani ya karatasi yake bila kuitoboa, mbali na ndoana, kwani klorini inakula chuma.

Na ule wembe si wa kuchanja palipoumwa na nyoka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe kisitikiswe, kwa kanga na kijiti, na mgonjwa abebwe hospitali.