Miguu inayosikika

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni magauni ya harusi. Ndiyo maana nilipoitazama video ya Swan Lake, baleti ya wasichana waliogeuzwa mabata maji, kama alivyoitunga upya mcheza dansi wa Afrika Kusini aitwaye Dada Masilo, jicho langu lilikwenda kwenye nguo kwanza. Sketi fupi za neti nyeupe, na wanaume wamezivaa sawa na wanawake! Neti naijua. Lazima uipange tabaka kwa tabaka na uibane vizuri kiunoni, la sivyo inalala kama chandarua. Chini ya sketi hizo, miguu peku.

Nikafumba macho nisikilize. Miguu inasikika.

Ile Swan Lake inayojulikana zaidi, ya watunga dansi Marius Petipa na Lev Ivanov, ilionyeshwa St. Petersburg mwaka 1895 kwa muziki wa Tchaikovsky. Mabata maji wake hutua kimya kama pamba, na mcheza baleti husomea kimya hicho miaka mingi. Masilo, mzaliwa wa Soweto, aliusomea ubaleti huohuo. Lakini mwaka 2010 mabata maji wake walikanyaga sakafu kwa kishindo, wakatikisa viuno na kupiga vigelegele.

Kilichonishika hasa ni hadithi. Kwa Warusi, mchawi Rothbart anamhadaa mwana wa mfalme, Siegfried, naye anamwapia mapenzi Odile, binti wa mchawi, akidhani ni mpenzi wake Odette, msichana aliyegeuzwa bata maji. Kwa Masilo, wanaombana Siegfried ni watu wake mwenyewe. Wanamtaka amwoe Odette, ambaye Masilo alimcheza mwenyewe, wakati moyo wa kijana uko kwa Odile, na Odile huyu ni mwanamume. Ndoa inapangwa, vigelegele vinapigwa, na bwana harusi hana raha.

Hapo nilisimamisha video. Nimewahi kumpima bibi harusi ambaye kila nilichomuuliza alijibu mama yake, hadi urefu wa mkono. Mchawi sijawahi kumwona. Hilo nimeliona mara nyingi.

Mwishoni wachezaji wote wanavaa sketi ndefu nyeusi, vifua wazi, piano ya mtunzi Arvo Pärt inalia polepole, na wanaanguka mmoja mmoja. Masilo alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 39. Nililia kama nimefiwa na dada yangu.

Jumamosi mteja alikuja kulijaribu gauni lake. Nikamwomba mama mtu atusubiri nje kidogo, nikavuta pazia, nikamuuliza binti mwenyewe: "Mwanangu, linakubana wapi?"