Kihispania nimefundishwa na watangazaji wa mpira

Nilipoanza Kihispania kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja alicheka: "Utaongea na nani?" Lugha rasmi ya nchi 20, ikiwemo Guinea ya Ikweta barani Afrika, halafu nikose wa kuongea naye! Mwingine alinibebesha majedwali ya vitenzi, ninakili mpaka yaingie. Nikajaza madaftari. Nilighani hablo, hablas, habla (naongea, unaongea, anaongea) bila kupumua, ila mtu akiniuliza nimeshindaje, nakodoa macho.

Na hakuna aliyenidokeza kwamba Mswahili anaanza akiwa mbele. Irabu zao ni tano kama zetu, na tunazitamka karibu sawa. Las casas blancas, yaani nyumba nyeupe? Upatanisho tu, kama vitabu vyeupe. Tena wao wana ngeli mbili, ya kike na ya kiume, na watu wanalia! Sisi tuliomaliza ki-vi na u-zi tulie nini?

Majedwali nikayaweka kando, nikaja na hila yangu. Nachukua mechi niliyokwisha kuiona, matokeo nayajua, naiangalia upya kwa sauti ya Kihispania. Mwanzoni ni kelele tupu, jamaa hamezi mate. Lakini mshika kibendera akinyoosha mkono na mtangazaji akasema fuera de juego, kamusi ya nini? Umeona mwenyewe kuwa kaotea. Uhondo wenyewe uko kwenye uchambuzi baada ya mechi, hasa timu yao ikifungwa. Hapo ni majuto mtindo mmoja: angempasia mwenzake, kocha asingemtoa yule, kipa angetoka mapema. Si hubiera, si hubiera, yaani laiti ange, laiti ange! Kile kipengele kilichonishinda kwenye daftari kiliniingia kwa vilio vya wachambuzi. Nikawa naosha vyombo huku nagombana na kocha kwa Kihispania, nyumbani wakadhani nimerukwa na akili.

Baadaye nikafanya DELE, mtihani wa Instituto Cervantes, ngazi ya B2, ya nne kati ya sita. Ada yake inauma, ila cheti hakiishi muda. Cha SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, ni miaka 5 tu. Kwenye kuzungumza nikapewa picha niielezee. Mimi tena? Nikaitangaza. Nikapata apto, yaani nimefaulu.

Faida sikuzitafuta, zimenifuata. Kireno cha magazetini nakisoma bila kukisomea, ingawa kukisikiliza ni habari nyingine. Habari za Mexico au Kolombia nazipata kwa wenyewe, si kwa kuhadithiwa. Na ikija kazi ya kutoa Kihispania kwenda Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza, tunaoigombania ni wachache, kwa hiyo bei nataja mimi.

Ukitaka kunifuata, shika upande mmoja kwanza. Kwa "ninyi" Hispania wana vosotros, Amerika ya Kusini ni ustedes, na Argentina wataongeza vos kwa "wewe". Mtangazaji wa redio mwache kwa sasa: huyo anasimulia usichokiona, utazama naye.