DT175: leva ya gia imeisha meno

Nilikuwa nimeapa mwezi huu ni wa kabureta pekee, lakini Jumapili nikipanda kilima cha Riat, Kisumu, na pikipiki yangu Yamaha DT175 kuelekea Kiboswa nikataka kushuka gia ya tatu, nikakanyaga leva, ikashuka yenyewe na gia ikabaki palepale. Injini inakohoa, matatu nyuma inapiga honi, ikabidi nivute klachi nisimame kando. Kushika leva na mkono, inazunguka kwa shafti kama kifuniko cha chupa.

Nyumbani nikafungua. Ile bolti ya kubana huwezi ukailegeza tu ukaanza kuvuta, maana inapita kwa kamfereji kamechongwa kwa shafti, lazima itoke yote. Mwenye pikipiki kabla yangu hakujua hilo, alama za nyundo ziko kwa kava mpaka leo. Nikasugua na brashi ya waya na mafuta taa, na kumbe meno ya shafti ni mazima, ya leva, yale ya ndani ya tundu yanayoshika shafti, ndo yameisha. Leva ni chuma laini kuliko shafti, na bolti ilikuwa imelegea siku nyingi, so kila nikibadilisha gia inasagika kidogo. Tena ule mwanya wa kubana kwa kichwa cha leva ulishafunga, hata ukaze spana namba 10 mpaka ilie hakuna kitu inashika.

Kwanza nikapitisha msumeno kwa mwanya ili bolti ipate pa kubana. Siku 4, ikaanza tena.

Nikaenda soko la Kibuye. Jamaa wa kuchomelea akaangalia tu akasema, "Omera, leta pikipiki nipige doa mbili kwa shafti, utasahau hii shida." Nikakataa. Kwa hii injini shafti ya gia hutolewa upande wa klachi, sasa ukishachomelea leva huku, siku sili ya oili ikianza kuvuja utaitoaje? Na huo moto wenyewe unaipika hiyo sili. Najua wengi wanaendesha hivyo na maisha inaendelea, mimi siwezi.

Leva za bodaboda nilizojaribu, moja tundu kubwa, ingine meno hayalingani. Mwishowe kwa wauza vyuma nikapata leva ya DT imevunjika mkono lakini kichwa kizima, bob 150. Tukakata kichwa, nikakivalisha kwa shafti, nikapanda pikipiki na gumboot mguuni, nikaweka mkono wa leva yangu mahali mguu unafika vizuri na kuchora chaki. Fundi alicheka hiyo gumboot sana, lakini ndo navaa nikienda Ahero, na kiatu cha kawaida kingenidanganya pembe. Halafu tukatoa, akachomelea kwa meza.

Nimefunga na bolti mpya na washa ya springi, nikazungusha gurudumu la nyuma na mkono huku nikipanda gia, zote 6 zimeingia. Shida ni hiyo welding imefura kidogo upande wa ndani, nikikanyaga mpaka chini inagusa kava. Kesho naipiga tupa, halafu narudi kwa kabureta.