Zamu za Mchanga, Msimbati

Kusini hatuna jangwa, tuna Msimbati, ufukwe wa mchanga mkoani Mtwara. Kule Arizona, nje ya mji wa Tucson, timu hupokezana baiskeli za milimani saa 24 mfululizo, kwenye mzunguko wa kilomita kama 26 katikati ya dungusi kakati. Sisi tulikuwa wanne kutoka Lindi, tukapunguza: saa 12, kuanzia alfajiri hadi magharibi, mzunguko wa kilomita 14, nusu ufukweni na nusu kwenye vijia vya mikorosho. Mmoja yuko njiani, watatu wako kivulini.

Lindi hadi Mtwara hazifiki kilomita 110, lakini konda alidai kila baiskeli ilipe nusu nauli, halafu akazilaza chini ya magunia. Ukisafirisha baiskeli ya breki za diski na umetoa gurudumu, pachika kipande cha kadibodi kilichokunjwa katikati ya vibao vya breki. Gunia likikandamiza mkono wa breki, vibao vinabanana na gurudumu halirudi. Moja letu lilikwama hivyo, ikabidi kutanua vibao taratibu kwa bisibisi bapa.

Ufukweni anayepanga zamu ni bahari. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na kwa saa mbili na nusu kabla na baada ya hapo mchanga uliolowa huwa mgumu kama sakafu. Saa kumi jioni maji yamejaa, kilichobaki ni mchanga laini chini ya minazi. Mzunguko uliochukua dakika 45 asubuhi ulikula saa nzima na robo jioni. Kwa hiyo mwenye miguu usimmalize asubuhi, mtunzie zamu ya saa tisa. Kesho yake kila kitu kinasogea mbele kwa dakika kama 50, ratiba ya jana haifai.

Kwenye mchanga laini, punguza upepo wa tairi kabla ya kulaumu miguu. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, paundi 30 za barabarani zishushe hadi 20 au 22. Ukishuka zaidi, jiwe moja la kijiani linaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama imeumwa na nyoka. Giya iwe nyepesi, makalio nyuma, breki usiziguse, na usukani usiukunje. Kata kona kwa kuinamisha mwili. Gurudumu la mbele likizama, shuka ukimbie nayo.

Sasa mbigiri. Hii ndiyo iliyokula siku yetu. Kwenye vijia vya mikorosho, hasa pale mbuzi wanapolala, ardhi imejaa punje kavu zenye miiba, na jinsi zilivyoumbwa, ukiitupa vyovyote mwiba mmoja unatazama juu. Zamu ya pili ilirudi na matairi yote mawili chini. Tyubu mpya ikawekwa, ikajazwa, ikatoka, ikaisha upepo kabla ya mita 300. Nyingine tena. Kosa ni lile la kila siku: tyubu inabadilishwa, ncha ya mwiba imebaki ndani ya tairi. Kwa kidole huisikii, na ukiisikia imeshakuchoma. Chukua pamba au kitambaa laini, kipitishe taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, kwanza kulia kisha kushoto. Nyuzi zikinasa, ncha iko hapo. Isukume kutoka ndani, ing'oe kwa koleo. Tairi moja lilitoa ncha kumi na moja.

Tyubu sita zikaisha kabla ya adhuhuri. Dukani kijijini zipo za inchi 28, za baiskeli nyeusi za kubebea mizigo, shilingi 7,000 moja, bei ya mgeni bila shaka. Ndani ya tairi la inchi 29 zinaingia, maana mpira unavutika. Tatizo ni mdomo. Rimu zetu zina tundu la milimita 6.5 kwa valvu nyembamba, na tyubu hizi zina valvu nene inayotaka 8.5. Tukamwendea fundi wa kijiji.

"Shikamoo mzee, tutafanyaje?"

"Marahaba. Gurudumu zuri wajukuu zangu, ila tundu dogo."

Fundi akatoa keekee ya mkono. Akatoboa polepole kutokea upande wa ndani, akasugua kingo kwa tupa ya duara hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, kwa sababu kingo kali hukata shina la valvu siku hiyohiyo. Mwisho akavingirisha utepe wa mpira wa tyubu kuukuu juu ya vichwa vya spoku. Shilingi 2,000 kwa tundu. Wakati huo baiskeli nyeusi yenye madumu manne ya maji ilitupita, tairi zake nene na ngumu, mwenye nayo akitupungia. Lindi tunazicheka hizo kila asubuhi zikipanda mlima na magunia.

Mnyororo ulikuwa na kilio chake. Chumvi na mchanga ukiuongezea oili nzito unapata msasa. Kila zamu ikirudi, mwagia maji baridi, futa kwa kitambaa, tia tone moja la oili nyepesi kwa kila pingili, futa tena hadi uonekane mkavu. Ndoo ya maji ya kisima tuliuziwa shilingi 500, na kila baiskeli ilimaliza moja.

Mizunguko ilitimia kumi na moja, mitatu pungufu ya hesabu yetu. Rimu tano bado zina matundu membamba. Fundi anasema tukija tena tuje na keekee yetu, yake imeisha makali.