Mna kitoweo?

Jana usiku mvua ya masika ilitukuta jumuiyani, katika kikundi chetu cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Tulikuwa tisa, tumekaa mkekani sebuleni kwa mwenyeji wetu, Biblia zi magotini. Injili ilikuwa ya Jumapili ya 3 ya Pasaka, Yohana 21: wanafunzi wa Yesu wamekesha baharini na hawakupata kitu, na asubuhi Yesu, amesimama pwani, anawauliza kama wana kitoweo, kisha wavu wao unajaa samaki 153.

Nilikuja nimejiandaa kufundisha. Mfukoni nilikuwa na karatasi juu ya wale samaki 153. Lakini sisi tunasoma kwa hatua saba, utaratibu uliotoka Lumko, taasisi ya Kikatoliki ya Afrika Kusini, na hatua ya tatu haina mwalimu. Kila mmoja huchagua neno au fungu fupi, hulitamka kwa sauti kama sala, tena na tena, na kila akitamka wote hunyamaza. Hakuna kufafanua, hakuna kusahihishana.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, akatamka: "Mna kitoweo?" Kimya. "Mna kitoweo?"

Sura ile nimeisoma miaka mingi, na penye neno lile sikuwahi kusimama. Biblia yangu ni Union Version ya 1952, nayo imeandika hivyo hivyo, kitoweo. Aliyekaa pembeni yangu ana tafsiri iliyosema samaki. Kwa Kigiriki ni prosfagion, kitu cha kulia mkate. Kitoweo hasa.

Hatua ya nne ni kimya kitupu. Mvua inapiga bati, watoto wa jirani wanacheka, nawe umekaa tu mbele za Mungu. Mwanzo nilikiogopa kimya hiki, siku hizi nakingojea wiki nzima. Guigo wa Pili, mmonaki wa Kikartusi wa karne ya 12, alipopanga vidato vinne vya kusoma, kutafakari, kusali na kumtazama Mungu, alikiweka hiki juu kabisa ya ngazi. Sisi tunakipanda katikati, kisha tunashuka, maana mbele kuna kazi.

Tulipofika kushirikishana, bibi akasema: "Wanangu, mimi nimeolewa na mvuvi. Siku za kusi tulikuwa tunalala na wali mkavu. Jirani akiniuliza mna kitoweo, najua kwake kipo. Asiye nacho haulizi."

Nikatazama mstari wa 9. Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wavu wao haujafika pwani bado. Yule aliyeuliza alikuwa amekwisha kupika.

Machozi yalinitoka, nami si mwepesi wa kulia. Karatasi yangu sikuitoa.

Hatua ya sita, ya kutafuta tendo la kufanya pamoja, huwa inatuchukua muda mrefu. Jana haikuchukua. Nyumba ya tatu kutoka pale, baba hajatoka na ngalawa tangu mvua zianze. Mmoja akasema ataleta samaki, changu wawili, kutoka soko la Darajani, mwingine nazi. Bibi akasema mchuzi ataupika yeye, na kawa ya kufunikia anayo.