Kioo cha Kaunta Pale Mwaloni

Stoo ile ya dagaa ilikuwa karibu na soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na ndani yake mlikuwa na kompyuta moja yenye vioo vitatu, yaani skrini. Viwili vilikaa mezani kwa karani, kimoja cha daftari la mauzo na kingine cha kuwasiliana na wanunuzi wa Kongo na Burundi. Cha tatu kiliwekwa juu ya kaunta, kimewageukia wateja, ili anayeleta mzigo ajionee mwenyewe: jina lake, magunia, kilo, bei, jumla. Utaratibu huo aliuanzisha mama mwenye stoo, na kwa hilo nilimheshimu sana. Mtu aliyekesha ziwani ana haki ya kuiona hesabu yake kwa macho yake, si kusomewa na mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka 2015, giza limetoka tu kuisha. Kwa asiyejua uvuvi wa dagaa, giza ni zile siku za mwezi mdogo au zisizo na mwezi kabisa. Dagaa hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitawala, taa haina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Ndiyo maana mzigo huja kwa mkupuo, mitumbwi kutoka Ukerewe, Ukara na Goziba, na stoo zote zinajaa kwa wakati mmoja. Kioo cha kaunta kikachagua siku hizo hizo kuleta matatizo.

"Shikamoo mama," nilisema mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Ingia, nisaidie kabla sijaitwa mwizi."

Picha ilikuwepo, lakini imevutwa kwa upana, herufi zina ukungu, na safu za kulia, yaani bei na jumla, hazionekani. Karani alikuwa amelibana jedwali mpaka safu zote zikaenea, lakini maandishi yakawa madogo mno. Wazee walikuwa wanainama juu ya kaunta, wanakunja uso, halafu wanamtazama karani kwa namna ambayo haikunipendeza. Fundi mmoja alishapita akapiga Windows upya. Mwingine akasema kadi ya picha imekufa, inunuliwe nyingine. Mimi sikuona sababu ya kununua chochote kabla ya kujua ugonjwa uko wapi: kwenye kioo, kwenye waya, au kwenye tundu la nyuma ya mashine.

Nilifungua mipangilio ya vioo kwanza. Vioo viwili vya mezani vilijitaja kwa majina na namba zao, na picha zao ni nukta 1920 kwa 1080. Cha kaunta, ambacho ni cha aina ile ile, kompyuta haikukijua. Ilikiandika kama kioo tu, hakina jina wala kampuni, na kukipa 1024 kwa 768. Hapo nikaanza kushuku jambo moja tu: maelezo ya kioo hayaifikii kompyuta.

Kioo hakipokei picha tu. Nacho huiambia kompyuta habari zake. Tangu utaratibu huo ulipowekwa mwaka 1994, kioo kikichomekwa kinapiga hodi na kutaja jina lake na ukubwa wa picha kinaouweza. Hodi isiposikika, kompyuta haithubutu kutuma picha kubwa, inatuma ile ndogo ambayo karibu kila kioo kinaimudu.

Nikakibeba kioo cha kaunta hadi mezani, nikakichomeka kwa waya wa karani, kwenye tundu lile lile lililokuwa na waya wa kaunta. Kikajitaja papo hapo, picha safi. Kioo kizima, tundu zima, kadi nzima. Nikachukua cha mezani nikakipeleka kaunta kwenye ule waya mrefu, nacho kikapoteza jina.

Waya ulikuwa wa VGA, aina ya zamani ya waya wa picha wenye pini kichwani, umepita sakafuni chini ya kaunta, mahali magunia yanapoburutwa. Nikauchomoa na kumulika kichwa chake kwa tochi ya simu. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi akaruka:

"Kaka, hii hapa! Pini moja haipo!"

Alikuwa anaonyesha namba 9, safu ya kati, ya nne. Nikamwambia hiyo iache, waya nyingi zinatoka kiwandani bila pini hiyo na zinafanya kazi miaka yote. Nikamwonyesha safu ya chini, ya pili kutoka kushoto. Namba 12 ilikuwa imelala kabisa, imegandamizwa kwenye plastiki. Kwenye VGA, namba 12 na 15 ndizo zinazopitisha maelezo ya kioo. Rangi hupita namba 1, 2 na 3, ndiyo maana picha ilikuwa inakuja bila jina. Nikajaribu kuinyanyua kwa sindano ya mama ya kushonea magunia, taratibu. Ikakatika.

Foleni ilikuwa imefika nje. Kwa kuwa njia za rangi zilikuwa nzima, nikaurudisha waya ule ule, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani na kuondoa alama inayoficha saizi ambazo kompyuta inadhani kioo hakiziwezi. 1920 kwa 1080 ikatokea kwenye orodha, nikaichagua kwa mkono. Jambo hili nisingelifanya kwa kioo nisichokijua uwezo wake. Hiki nilishakiona mezani. Herufi zikakaa sawa, bei na jumla zikarudi.

Mzee mmoja wa Ukara alikuwa mbele. Alisoma mstari wake polepole, kidole kikifuata hewani.

"Binti, magunia yangu ni 14. Hapo umeandika 13."

Karani akahesabu tena pale mizani. Yalikuwa 14. Moja lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nguzo. Akarekebisha, na mzee akasubiri mpaka jumla ikabadilika mbele yake ndipo akapokea pesa. Mama alimwomba radhi kwa sauti, watu wote wakisikia.

Jioni nilileta waya mpya kutoka mjini. Tuliupitisha juu kwenye boriti, tukaushusha ukutani mpaka kaunta, mbali na magunia, nikakaza skrubu zake pande zote mbili. Kioo kikajitaja jina chenyewe, nami nikairudisha ile alama niliyoiondoa mchana.