Mvua ya Fairmont

Mama alipokuja California kutuona, shemeji yangu, dereva wa teksi San Francisco, aliapa kwamba harudi Pangani bila kuiona Tonga Room, baa na mkahawa wa hotelini. Dada akakunja uso: kule si kunauzwa pombe? "Na wali pia upo," shemeji akajibu.

Tukapanda Nob Hill hadi hoteli ya Fairmont, tukateremka ngazi. Mwanga hafifu, masanamu ya mbao, vibanda vya makuti, na katikati ya ukumbi bwawa kubwa la maji.

Shemeji alikuwa na historia yote mdomoni. Lile lilikuwa bwawa la kuogelea, la tangu 1929. Mwaka 1945, askari wakirudi kutoka vita vya Pasifiki na hadithi za visiwani, hoteli ikamwita Mel Melvin, mpambaji wa mandhari za sinema kutoka kampuni ya filamu ya MGM, aligeuze kuwa bahari ya Kusini. Mandhari ya sinema hasa. Kisiwa chenyewe hakipo kwenye ramani yoyote, na sanamu za miungu ya watu zimewekwa pambo la walevi. Hilo lilinikera, na bado linanikera.

Ila sakafu ya dansi, akasema, ilitokana na Forester, jahazi la kubeba mbao lililokuwa likienda visiwa vya huko. Mama ni binti wa fundi majahazi. Alivua kiatu, akaipapasa kwa unyayo. "Hii kweli imeonja chumvi," akasema, na akaanza kuuliza misumari yake ni ya aina gani. Hakuna aliyejua.

Juisi yake ya nanasi ililetwa na kimwavuli cha karatasi. Bendi ikatokea ikielea bwawani juu ya chelezo, ikipiga. Mara umeme ukamulika, radi ikapasuka, mvua ikamwagika.

"Anueni nguo!" Mama alikwisha simama.

Meza za jirani ziligeuka. Dada alijifunika uso kwa mtandio. Mvua ile hunyesha bwawani tu, kwenye meza hakudondoki hata tone. Mama alikwenda ukingoni, akanyoosha mkono, akaurudisha umelowa, kisha akatazama dari ilikojificha mabomba. Wanamuziki wakampungia.

Akaketi, akaushika ule mwavuli wa karatasi na kucheka mpaka machozi.

"Itanyesha tena?"

"Itanyesha, mama," shemeji akasema.

"Basi agizeni wali mwingine."